U Moja Tu, Mume Mwenzangu

Mundhir, mume mwenzangu,

Sikuanzi kwa zile salamu za skuli, za mtu kuuliza hali kisha akajijibia mwenyewe kwamba yeye hajambo. Hali yako anaijua aliyekuchukua. Yangu utaiona kwa huu mwandiko, unavyopanda na kushuka kama punda wa Jabal Akhdar. Nimekaa stoo, kwenye kiti chako kile kinachozunguka, na kabla ya kushika kalamu nimezunguka nacho kidogo. Usicheke. Mzee kama mimi hakubakiwa na michezo mingi.

Mume mwenzangu nilianza kukuita ulipoota meno ukamng'ata kila mtu humu ndani isipokuwa Thureya wangu. Mjukuu gani wewe? Ukamwita bibi yako mke wako mbele ya macho yangu, bila haya, na yeye akakuitikia! Mimi nilimposa, nikasubiri, nikaletewa mashahidi. Wewe ulimpata kwa kulia tu. Paja la kuku lako, shingo yangu. Tukagombana hivyo hivyo mpaka ukaota ndevu, ukamaliza chuo kikuu cha Nizwa, ukapata kazi ya kompyuta ya kukaa nyumbani, na bado kila ukiingia jikoni unasema, "Mke wangu, huyu mzee hujamwacha tu?" Sasa paja napewa mimi. Naliacha kwenye sahani.

Nataka kukupa habari ya ile U yako. Mwisho wake hukuuona, na mimi nilikuwepo, nami wajua siwezi kukaa na habari.

Wakumbuka nilivyokuwa nikikukera? Naingia na sahani ya tende, nakukuta umeikodolea macho skrini, nakuuliza, "Leo umeandika mistari mingapi?" Unajibu, "Leo nimefuta miwili, Babu." Natoka mbio jikoni kumtangazia bibi yako kwamba mumewe mdogo ameajiriwa kufuta. Mpaka siku uliponikamata mkono ukanikalisha juu ya gunia la tende, ukasema leo utanielewesha, hata kama tutakosa alasiri. Na ulijua unamsomesha nani: mtu aliyeishia darasa la tano Unguja, na maisha yake yaliyobaki akayamaliza kwenye usukani wa lori la maji baina ya Nizwa na Birkat al Mauz.

Ukasema kuna kompyuta kubwa, na ndani yake zinakaa kompyuta nyingine zisizo na mwili, za kudhania tu. Ile kubwa ni mwenyeji, zile ndogo ni wageni, na kila mgeni anaiona nyumba nzima ni yake, wala hajui kwamba ana jirani. Nikasema, "Hao nawajua. Ni sisi tuliposhuka Maskati kutoka Unguja, kila mtu na ufunguo wa nyumba aliyoiacha." Ulicheka mpaka ukakohoa. Kazi yako, ukaniambia, iko kwenye kokwa ya mwenyeji, pale katikati kabisa, mahali panapowatenga wageni wasiingiliane. Pakikosewa hapo, mgeni anaweza kuamka chumbani kwa mgeni mwenzake. Nikasema kazi nzuri sana, nipeni na mimi, nitakosea makusudi.

Kisha ukanitajia adui yako. Ulilisaka jina lake kwa Kiswahili kwenye simu, simu ikakupa "tabia isiyofafanuliwa." Wallahi nilidhani ni mke anamshtaki mumewe kwa kadhi.

"Sivyo, Babu," ukasema. "Lugha tunayoandikia sisi ina kitabu chake. Kitabu kinasema, ukiandika hivi, itakuwa hivi. Lakini pana mahali kitabu hakisemi kitu. Hapo yule mkalimani, anayeyageuza maandishi yetu yawe ya mashine, ana ruhusa ya kufanya lolote. Akitaka atafanya ulilolikusudia. Akitaka atalitupa. Na hakosi."

Nikakwambia basi achana na tabia na kufafanua. Sema kitabu kimenyamaza. Ukaipenda hiyo, ukaiiba. Tangu hapo ukiwa kwenye simu na Zuwena wa Ibra, mwenzako wa kazi, katikati ya Kiarabu na Kiingereza chenu nasikia "kitabu kimenyamaza," na mimi huku mlangoni najiona mwanachuoni.

Na mahali penyewe kiliponyamaza palikuwa kwenye namba moja, na hiyo ndiyo iliyonichosha kichwa. Ukanichorea sabla, ile baraza yetu ya wanaume. Namba ndani ya mashine, ukasema, ni kama sabla yenye nafasi thelathini na mbili kwa mstari mmoja. Moja ni mtu mmoja tu, kaingia, kakaa karibu na mlango, nafasi nyingine zote tupu. Anaambiwa sogea juu. Anasogea. Anaambiwa sogea tena, kama ilivyo desturi yetu kila akiingia mtu. Anasogezwa, anasogezwa, mpaka anafika nafasi ya juu kabisa, na ile si nafasi ya kukaa mtu. Ni ya sheikh. Sheikh ndiye anayetoa alama: namba hii iko juu ya sifuri au chini yake. Sasa huyu maskini wa mlangoni amekaa kwenye kiti cha sheikh. Inakuwaje?

"Anafukuzwa," nikasema.

"Kitabu kimenyamaza," ukasema.

Na dawa yake? Ukageuza skrini nione. Kulikuwa na moja. Umeweka U pembeni yake. Basi! Wiki nzima ulishinda humu, hata ndizi za bibi yako zikakuozea mezani, kwa herufi moja! Ukasema U hiyo inamwambia mkalimani kwamba kwenye sabla hii hakuna sheikh. Nafasi zote thelathini na mbili ni za watu, asogee mpaka mwisho kwa amani.

Nikainama nikaisoma kama tulivyosoma sisi. "Moja, u. Moja u nini? U mzima? U mgonjwa?"

Ukanitazama kama kwamba nimesema Kihindi. Hukuwa unaijua hiyo u! Nyie mliozaliwa huku mnasema uko mzima, uko nani, kiti yangu, kitabu yangu, masikio yangu yanatoka damu. Nikakueleza Unguja tulikuwa tukisema u mzima, u hali gani, u radhi. Hiyo u ndiyo wewe mwenyewe, mtu na miguu yake kaingia ndani ya herufi moja. Kisha ukasema polepole, "Kwa hiyo hapa nimeiuliza moja kama ni nzima."

"Naam," nikasema. "Na kabla yako hakuna aliyeiuliza."

Ilikuwa alasiri nzuri ile, Mundhir. Sala ya jamaa tuliikosa, na bibi yako alitusema wote wawili.

Halafu akaja Mzee Hapana. Jina nilimpa mimi, kwa sababu kila barua yake ilianza na la. Yuko huko nchi za baridi, ndiye mlinda mlango wa maandishi hayo: hakuna linaloingia mpaka yeye akubali. Ulimpelekea ile U, akakujibu tukiwa njiani kwenda Sur kwenye harusi, tumesimama Al Kamil wal Wafi kutia petroli. Ukafungua kompyuta yako ndogo juu ya boneti ya gari, chai yako pembeni, na mbuzi wa watu wanakunusa suruali. Alikuwa ameandika kwamba mahali hapo pamekaa miaka na miaka bila kumdhuru mtu, basi paguswe kwa nini?

Nikakwambia huyu mwenzangu ana akili. Kitu kikienda, kiache kiende.

Ulinijibu bila kuinua macho. "Babu, mpaka leo mkalimani amekuwa mpole tu. Kesho atakuja mkalimani mwingine, atasoma kitabu kile kile, ataona kimenyamaza, atafanya anavyotaka. Na sisi tutakuwa hatuna la kumwambia."

Ukamwandikia hayo hayo. Tukafika Sur tumechelewa nikaah, na biriani tukaikuta ya chini ya sufuria.

Sitaki kuandika sana juu ya maradhi yako. Uliyajua kuliko mimi. Njia ya hospitali niliweza kuiendesha nimefumba macho, na wewe nyuma umejikunja, magoti kifuani, hata kulia hutaki. Yule daktari mwanamke kijana ndiye aliyetueleza kwamba selimundu mwanzo wake ni herufi moja. Herufi moja imekaa vibaya kwenye maandishi ya damu, na chembe zinapinda kama mundu. Ulikuwa na mpira wa maji mkononi na midomo imekauka, ukanigeukia ukasema, "Babu umesikia? Herufi moja! Sasa mimi yangu nimpelekee nani?" Nikasema astaghfirullah, nikacheka, nikatoka nje kwenye ukumbi nikauegemea ukuta.

Safari ya mwisho uliingia garini kwa miguu yako. Mzee Hapana alikuwa ameshalainika, ameomba jambo moja: aone dalili, kwenye mashine ya zamani ya aina ile yenye taabu hiyo, kwamba dawa yako inafanya kazi. Na mashine hiyo ndiyo ile uliyoiokota ofisi moja ya Nizwa ilipokuwa inaitupa, ukaileta stoo, ikawa inavuma baina ya magunia ya tende kama jini lililovimbiwa. Ukamwambia bibi yako dirishani, "Mke wangu, usizime mashine yangu. Narudi kujibu."

Hukurudi. Kifua kilijaa, wakatuita, tukafika, na wewe huyo umeshatangulia.

Watu wa azza, matanga ya huku, walikuja, wakanywa kahawa, wakala halwa, wakasema maneno yao, wakaenda. Mama yako alikuja kutoka Maskati, akakunja kanzu zako moja moja, nyingine akaondoka nazo. Mashine hakuna aliyeigusa. Bibi yako alihamishia msala wake hapa stoo. Akawa anakaa pembeni yake na tasbihi, mchana kutwa, na feni ya mashine inavuma. Jirani akimwuliza ni sauti ya nini, anasema, "Mundhir anafanya kazi." Chai yako ya maziwa akaendelea kuileta, akaiweka pale ulipokuwa ukiiweka, ikipoa anaimwaga. Na kulia, hakulia. Kwenye azza wanawake walimkalia karibu wakamsubiri. Hakulia. Nikajua feni ile ikinyamaza kuna kitu kitavunjika humu ndani, na wa kukivunja sitakuwa mimi. Nikawa hata nikipita na ufagio naipisha.

Ndipo Zuwena akaja. Aliendesha gari peke yake kutoka Ibra, akaingia asubuhi na begi la nyaya na macho yamemvimba.

"Shikamoo Babu. Shikamoo Bibi."

Tukaitikia. Akasema ana maneno na atayasema mara moja kwa sababu akikaa atalia.

"Mzee Hapana bado nangoja ile dalili," akasema. Unakijua Kiswahili chake, walimu wake wawili ni wewe na simu. "Hii mashine ndiyo ile nataka. Mimi sina, Ibra hakuna, kazini hakuna. Lazim iwake na ile dawa yake Mundhir, tuanzishe mgeni ndani, tuone mlinzi napiga kelele au hapana."

Mlinzi ndiye yule uliyemtia ndani ya kokwa, wa kupiga kelele kila kitabu kinaponyamaza. Jina lako mwenyewe kwa Kiarabu ndilo hilo hilo, mwonyaji. Nikamwambia basi ijaribu, mashine si hiyo inavuma?

"Kwanza nizime, Babu. Izime khalas, ndiyo iwake na kokwa mpya. Na hii mashine ni mzee. Mzee akilala saa nyingine haamki."

"Unaitukana mashine au unanitukana mimi?"

Hakucheka. "Na kama hatufanyi, Mzee Hapana nafunga. Kesho mtu mwingine, sijui wapi, naandika U hiyo hiyo na jina lake. Jina la Mundhir naondoka."

Bibi yako alikuwa amekaa kwenye msala, mkono mmoja juu ya ubavu wa mashine kama anayemlaza mtoto. "Haizimwi," akasema. "Aliniambia mimi. Anarudi kujibu."

"Bibi," Zuwena akasema, "mimi nimekuja kumjibia. Kwa jina lake."

Bibi yako akanyamaza.

Sasa, Mundhir, sikiliza. Kunyamaza kwa Thureya nimekusoma tangu ujana wangu. Siku ya posa nilisubiri nje, wakatoka wakinicheka, wakaniambia bwana, amenyamaza, ndiyo ridhaa yenyewe, shangilia. Nikashangilia. Na tangu siku hiyo nikaendelea kushangilia. Tuhame Nizwa tuje huku Birkat al Mauz kwenye migomba? Kanyamaza: tumehama. Ninunue lori la pili? Kanyamaza: limenunuliwa. Nimeishi naye kama yule mkalimani wako, pale aliponyamaza nikafanya nilivyotaka, na kwa bahati tu nyumba haikuanguka.

Zuwena akanitazama mimi. Kidole kiko karibu na kitufe, anasubiri mwenye nyumba aseme. Na neno lilishanifika ulimini. "Haya, zima." Nilishavuta pumzi ya kulisema. Nikakuona wewe kwenye kiti chako, umegeuza skrini, unasubiri nielewe.

Nikachuchumaa mbele ya msala. Magoti yakalia kwa ajili yetu sote. Nikasema, "Thureya. U radhi?"

Aliniinulia macho kama mtu aliyeitwa na mgeni barabarani. Nadhani hakuwa na hakika kama ni mimi. Akaniangalia mdomo, akangoja dhihaka itoke, maana kwangu dhihaka haikawii. Haikutoka.

"Si radhi," akasema.

Zuwena akarudisha mkono. Nikasema basi, imekwisha, haizimwi, na kweli nilikuwa nishaanza kunyanyuka.

"Nimesema si radhi," akasema bibi yako. "Sikusema isizimwe. Jina lake litaondokaje na mimi nipo? Izimwe. Lakini nitaizima mimi. Nyie mtaikwaruza."

Zuwena akamwonyesha kitufe. Bibi yako akaweka kidole gumba, kile chenye hina iliyofifia, akasema bismillahi, akakiminya, akakishikilia kama alivyofundishwa. Feni ikashuka. Ikashuka tena, kama mtu anayehema akiona mlima umekwisha. Ikasimama.

Nyumba ilikuwa pana, Mundhir. Sikujua kama ina upana ule. Nikasikia maji ya falaji, mfereji wetu, huko migombani. Nikasikia mtu anatwanga kwa jirani. Nikasikia pua yangu inapiga mluzi. Na pembeni yangu nikasikia kitu nikadhani paka amebanwa na mlango, kumbe ni bibi yako. Alilia kwa sauti ambayo sikuijua, nami nadhani nazijua sauti zake zote. Zuwena akajitupa sakafuni akamshika miguu. Mimi nikahesabu magunia. Nikayahesabu tena kutoka upande wa pili. Uso wangu nao ulikuwa na mambo yake.

Alipotulia kidogo, yeye mwenyewe akasema, "Washeni, tumjibu huyo mzungu."

Zuwena akaminya. Kimya. Akaminya tena. Kimya kile kile. Akasema "ya Rabb" kwa sauti ndogo na rangi ikamtoka. Basi nikaikaribia ile mashine nikaipiga kofi la mgongo, nikaiambia, "Inuka, mzee mwenzangu, unatuaibisha mbele ya wanawake."

"Ushaanza," akasema bibi yako, machozi yangali kidevuni.

Zuwena akachomoa waya wa umeme, akangoja, akachomeka, akaminya. Ikakohoa. Ikavuta pumzi. Feni ikapaa kwa kelele mpaka vumbi la tende likaruka likanijaa machoni. Naapa nilitaka kuibusu.

Ikachukua muda wake, mistari ikapita kwenye skrini kama sisimizi. Zuwena akaanzisha mgeni ndani yake. Akatuonyesha picha ya zamani: mlinzi anapiga kelele, mstari mrefu, anataja mahali na namba. Kisha akatuonyesha sasa. Palikuwa hapana kitu. Peupe tu. Akaanzisha mgeni mwingine, akamzima, akamwanzisha. Peupe. Ungetuona watu watatu tunavyopafurahia mahali pasipo na maandishi! Bibi yako akauliza, "Kwa hiyo Mundhir alikuwa na haki?" Zuwena akasema alikuwa na haki tangu mwanzo. Bibi yako akafuta uso kwa ncha ya mtandio akasema, "Mimi nilijua. Huyu mzee ndiye aliyekuwa upande wa mzungu." Na ni kweli, ile siku ya Al Kamil wal Wafi nilikuwa upande wake. Hataki nisahau.

Zuwena akaandika jibu pale pale, kwenye kiti chako. Akaandika kwamba mwenye dawa amefariki, kwamba dalili ni hii, na kwamba dawa ikileta taabu siku yoyote aulizwe yeye. Jina lako likakaa juu, lake likakaa chini yake. Kabla hajalipeleka akamsomea bibi yako neno kwa neno kwa Kiarabu, na bibi yako akamsahihisha jina la ukoo wetu, maana alilikosea herufi.

Jibu la Mzee Hapana lilipokuja Zuwena alitupigia, tukamweka kwenye spika juu ya meza ya jikoni. Ameikubali. Imeingia. Ile U sasa iko kwenye kokwa, na itakwenda kila mahali kokwa hiyo inakokwenda, kwenye mashine za watu ambao hawatajua kama palikuwa na taabu hapo. Mwisho aliongeza maneno machache yake mwenyewe: kwamba kijana alikuwa na haki, na kwamba anajuta alimchelewesha. Nilikuwa nimemtayarishia matusi mazuri sana, Mundhir, ya Unguja, ya dereva wa lori. Yakanifia mdomoni. Sasa nadhani na yeye ni mzee tu, amekaa mahali pa baridi, ana mtu wake aliyemzika.

Zuwena akaomba mashine. Kuna mahali pengine pa namna hiyo hiyo, kasema, umepaandika wewe ili upashughulikie, na yeye anataka kuendelea. Nikamwuliza bibi yako kama yu radhi, na safari hii alisema ndiyo haraka, kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa ili atoe. Alimfungia Zuwena na ndizi na mkate wa kumimina, akamwambia aiweke mashine mahali penye hewa, na asiifanyie kazi na njaa kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Gari likaondoka na jini lako limefungwa mkanda kiti cha mbele kama bibi harusi.

Kwa hiyo stoo hii sasa haina sauti. Tende ziko, kiti kiko, alama ya duara ya kikombe chako iko mezani. Mimi naingia, nafungua mdomo kukuuliza umefuta mistari mingapi, naufunga. Unajua ninachokitamani? Si mambo makubwa. Natamani uniite mzee mbele ya watu. Natamani unitengenezee simu ukinung'unika. Natamani nikuibie tende kwenye sahani niliyokuletea mwenyewe, na wewe ujifanye huoni. Kuna siku natamani hata tugombee shingo ya kuku.

Leo asubuhi bibi yako kanikuta humu na chai mkononi. Amezoea kuileta, miguu inamleta yenyewe. Safari hii hakuiweka mezani, alinipa mimi. Nikaipokea nikamwuliza kama siku hizi ninavyomwuliza, "U mzima?"

"Si mzima," akasema. Akasimama pale mlangoni, mkono kwenye kizingiti. Nikadhani ataondoka. Kisha akaniuliza, "Na wewe je?"

Mundhir, nilikiweka kikombe mezani. Tangu tukuzike watu wameniambia subira, wameniambia ni amri ya Mola, wameniambia niwe imara kwa ajili ya wanawake. Na mimi nimewachekesha wote, hata kaburini nilimchekesha mchimbaji. Hilo hakuna aliyeniuliza. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, mke wangu, kuna barua naandika." Akasema haya, akaenda.

Hii ndiyo barua yenyewe. Nimeirefusha kwa makusudi, na wewe umeshaniona.

Kwaheri, kijana wangu. Mungu akupumzishe pasipo na maumivu, akulaze na miguu imenyooka. Nakuahidi jambo moja, na ulishike, maana mimi kwa kuahidi si mwepesi: sitamtania kwa hili. Nitakaa naye chini, nitamwambia kweli yote, hata ile ambayo wewe hukuwahi kuisikia kutoka kwangu, na akitaka kulia tena nitakaa, sitahesabu magunia.

Namsikia jikoni, anaosha vyombo polepole, anaacha, anasikiliza. Nakwenda kumjibu.

Babu yako